BODI MPYA, LENZI ZILE ZILE: KUTOKA KARIAKOO MPAKA UNGUJA

Mpenzi msomaji, kama hujawahi kuingia Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo siku ya Jumamosi ukiwa na pesa mfukoni, basi bado hujajua maana ya kupendwa. Kila duka lina kijana mlangoni, na kila kijana mlangoni ni kaka yako wa damu. "Sista karibu! Sista simu, sista spika, sista una shida gani nikusaidie?" Lakini ukimwambia shida yako ni bodi ya kamera tu, bila lenzi, anakuangalia kama mtu aliyekuja kununua gari lisilo na matairi.

Na mimi ndicho nilichokuwa nakitafuta. Gari bila matairi, maana matairi ninayo.

Wiki hii safu yetu imesafiri. Imeanzia Kariakoo, ikavuka bahari, ikamalizia ukumbini Unguja, tena ukumbi ambao akina kaka wasomaji wetu hawawezi kuingia hata wakilipa kiingilio mara tatu. Lakini tusikimbilie huko, kwanza niwaeleze kilichonipeleka.

Mama mdogo wangu anaishi Unguja, na binti yake alikuwa anaolewa. Akanipigia simu usiku. "Mwanangu, siku ya kumpamba mwari ukumbini ni wanawake watupu. Mpiga picha mwanamme haingii. Wewe una kamera, njoo." Nikamwambia nitakuja. Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: "Na picha zisitoke nje. Watu watakuwa wazi vichwa, wamejipamba. Ikionekana hata moja kwenye simu za watu, mimi na wewe hatutosalimiana."

Wenye kuijua pwani wanaelewa uzito wa maneno hayo. Mama mtu mzima anayevaa baibui na mtandio mwaka mzima, siku hiyo anatoka na nywele zake, gauni lake na dhahabu yake mbele ya wanawake wenziwe. Anayepiga picha pale amepewa amana. Ndiyo maana msichana mwenye kamera anatafutwa sana Unguja, na ndiyo maana kazi yenyewe inalipa.

Sasa kamera yangu. Ni Nikon D3400, ilitoka mwaka 2016, kamera ya wanaoanza. Siisemi vibaya, imenilisha. Ina megapikseli 24, ni nyepesi, na betri yake ukiichaji leo unaweza ukasahau chaja nyumbani. Ila ina mambo yake. Ina gurudumu moja tu la kurekebishia, kwa hiyo ukitaka kubadili kasi na tundu la lenzi kwa pamoja, vidole vinacheza gwaride. Haina tundu la kuchomeka maikrofoni. Ina sehemu moja tu ya kadi. Na bodi yake haina mota ya kuzungusha lenzi za zamani.

Hilo la mota ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu ya lenzi ya ba'mkubwa.

Ba'mkubwa alikuwa na studio ya picha Morogoro enzi za filamu, ile ya pazia lenye maua na kiti cha kusokota. Alipofunga alinipa lenzi moja, ya milimita 50, f/1.8, ya aina wanayoiita D. Kipande cha lenzi kidogo unaweza ukakisahau mfukoni, lakini kioo chake, loh! Nikon wamekuwa na mdomo wa lenzi wa aina moja, wanauita F, tangu mwaka 1959. Kwa hiyo lenzi ya mzee inaingia kwenye kamera yangu ya dijitali bila ugomvi, unasikia "kla!" imekaa. Lakini haijilengi yenyewe. Lenzi hiyo haina mota ndani, ilitegemea mota ya kwenye bodi, na bodi yangu nayo haina. Wawili maskini wamekutana. Unabaki kuzungusha pete kwa mkono, na bibi harusi anayecheza taarabu hasubiri mtu azungushe pete.

Lenzi nyingine ni mbili. Moja ni ile iliyokuja na kamera, 18-55, aina ya AF-P. Ya pili ni ya milimita 35, f/1.8, ambayo niliinunua kwa mchezo wa upatu. Hizo zina mota zao ndani.

Mtu atauliza, kwa nini usiuze vyote uanze upya? Ndivyo alivyoniuliza kaka wa duka la kwanza. Alinitolea kamera ya kisasa, zile zisizo na kioo ndani, Nikon wakaanza kuziuza na mdomo mpya wa Z mwaka 2018. Kamera tamu, sikatai. Ukiishika huitaki kuirudisha. "Sista, lete zako zote, ongeza mshiko kidogo, ondoka na hii." Huo mshiko kidogo ulikuwa unatosha kulipa kodi ya chumba mwaka mzima na bado ukala chipsi mayai.

Nikamuuliza kuhusu adapta. Ipo, inaitwa FTZ, na lenzi zangu mbili zenye mota zingefanya kazi vizuri tu. Lakini adapta hiyo ya Nikon nayo haina mota ya kuzungusha lenzi ya ba'mkubwa. Yaani nitoe fedha zote hizo, halafu mzee abaki anazungushwa kwa mkono vile vile? Nikasema asante kaka, nikatoka.

Duka la pili walikuwa na D7000, mtumba kutoka nje, bei mteremko. Hii ilitoka mwaka 2010. Ina mota ya bodi, ina sehemu mbili za kadi, ina magurudumu mawili. Muuzaji akaisifia mpaka mate yakamkauka: "Hii ni ya maprofesheno, dada'ngu." Nikafunga lenzi ya ba'mkubwa, nikabonyeza. Grrr-tik! Ikajilenga yenyewe. Mpenzi msomaji, nilisisimka. Nilikuwa sijawahi kuisikia ile sauti.

Kisha nikafunga 18-55 yangu. Kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Nikajaribu kuzungusha pete kwa mkono, picha haisogei. Kijana akasema lenzi yangu imekufa. Aah wapi! Nikairudisha kwenye D3400 mbele yake ikapiga kama kawaida. Siri ni kwamba hizi lenzi za AF-P zina mota ya aina mpya, hata pete yake ya mkono inaendeshwa kwa umeme, na kamera za zamani kama D7000 na D90 hazijui kuongea nayo. Ingekuwa nimelipa kwanza nikajaribu nyumbani, ningerudi Jumatatu kugombana. Kwa hiyo, ndugu yangu, ukienda kununua bodi beba lenzi zako zote mkobani, hata ile unayoidharau. Mdomo kuingia na lenzi kufanya kazi ni mambo mawili tofauti.

Duka la tatu liko ghorofani, ngazi zake nyembamba kama za mnara wa msikiti. Mzee wa pale alikuwa mtu wa kamera kweli, siyo mtu wa simu aliyebahatika kupata kamera. Hakuniuliza nina shilingi ngapi. Aliniuliza, "Binti, unapiga nini, na unapigia wapi?" Nikamweleza: harusi, ukumbini, usiku, wanawake wanacheza.

Akanionyesha tatu. Ya kwanza ilikuwa D750, ya mwaka 2014, yenye sensa kubwa inayolingana na filamu ya zamani. Gizani ni simba. Lakini lenzi zangu za 18-55 na 35 zimetengenezwa kwa sensa ndogo. Ukizifunga kwenye D750, kamera inakata picha na kutumia katikati tu, na megapikseli 24 zinabaki kama 10. Ingefaa kwa lenzi ya ba'mkubwa peke yake. "Ukichukua hii," mzee akasema, "lenzi ndizo zitakazokula pesa." Hakuwa na haraka ya kuniuzia, na hapo nikamwamini.

Ya pili na ya tatu zilikuwa D7200 ya mwaka 2015 na D7500 ya mwaka 2017. Zote zina sensa ya ukubwa ule ule wa kamera yangu, zote zina mota ya bodi. D7500 ina kioo cha nyuma kinachoinuka na kuguswa kama simu, inapiga picha nane kwa sekunde, video yake ni kali zaidi. Mtu wa video aichukue, asifikiri mara mbili. Lakini waliiwekea sehemu moja tu ya kadi. D7200 ina mbili. Na mimi masikioni mwangu nilikuwa na sauti ya mama mdogo: picha zisitoke.

Nikachukua D7200, mtumba. Kabla ya kulipa, mzee mwenyewe ndiye aliyeniambia niikague. Tulipiga picha moja, tukaitia kwenye kompyuta, ikasoma pazia la kamera limeshafunguka mara elfu thelathini na kitu. Nikon walilipima pazia la kamera hii kwa mara 150,000, kwa hiyo bado binti mbichi. Tukapiga ukuta mweupe tuone madoa ya sensa. Tukajaribu kadi zote mbili, flashi, vitufe vyote, lenzi zote tatu. 18-55 ilifanya kazi, ila mzee akanitahadharisha: kwenye bodi hii kamera ikisinzia ikaamka, lenzi hiyo inaweza kuwa imehama pale ulipoilenga, na kile kizuia mtikisiko chake hakizimiki. Kwa kazi yangu si tatizo. Laki tisa ikatoka, nikahesabu mara mbili, roho ikauma mara moja.

D3400 sikuiuza. Bei waliyonipa ilikuwa ya kutukana, na harusini kamera ya akiba ni kama spea ya gari. Lenzi zile zile zinaingia kote kote. Kitu kimoja tu hakiingiliani, betri. Kila moja ina ya kwake na chaja yake, na soketi za nyumba za wageni mnazijua.

Nikapanda boti ya asubuhi. Kutoka bandari ya Dar mpaka Malindi, Unguja, ni kama saa mbili hivi, na wenye tumbo jepesi wanajuana kabla hata ya nusu ya safari. Mimi nilikaa nje juu, nikipiga picha. Hapo nikaona faida ambayo sikuiwaza dukani. Upepo wa bahari una chumvi na maji ya kurushwa, na bodi hii imezibwa viungo vyake visiingize vumbi na unyevu kirahisi. Haina maana ukaogelee nayo. Pia ukiiwasha na kuizima inajitikisa sensa kuangusha vumbi, jambo ambalo D3400 haifanyi. Hata hivyo nikibadili lenzi kando ya bahari nageukia nyuma ya upepo, kamera imeangalia chini, kama mtu anayewasha kiberiti kwenye upepo.

Nilikuwa na siku moja kabla ya shughuli, nikaitumia kuzoea bodi ndani ya Mji Mkongwe. Sijaona shule ya upigaji picha kali kama ile. Vichochoro vyembamba, juu jua linachoma kuta nyeupe, chini giza kama ndani ya kabati. Mtu anatembea kutoka kivulini kwenda juani kwa hatua tatu, na wewe ubadilishe kila kitu kwa hatua hizo tatu. Magurudumu mawili hapo ndipo nilipoyajua: kidole gumba kasi, kidole cha shahada tundu, jicho halitoki kwenye kitundu. Na kitundu chenyewe kinaonyesha picha nzima, asilimia 100, wakati cha D3400 kinaonyesha 95. Ile asilimia tano ndiyo inayoleta ndoo ya mtu pembeni mwa picha bila kuitwa.

Nilipita Barabara ya Kenyatta, Shangani, ambako Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Picha za studio ile, za nyeusi na nyeupe, ni Unguja nzima: masultani, mitaa, majahazi, watu waliovaa vizuri kwa ajili ya picha moja tu, na baadaye nchi baada ya Mapinduzi ya 1964. Nilifikiria lenzi ya ba'mkubwa. Watu wale walipiga kwa vifaa vichache wakavitunza miaka na miaka. Leo mtu anabadili kamera kabla kamba ya begani haijachakaa.

Nikaenda kupiga Beit al-Ajaib pia, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka siku ya Krismasi mwaka 2020. Nilipiga picha mbili nikaondoka. Kuna majengo ukiyaona yameumia unaona aibu kuyakodolea.

Jioni ndiyo Forodhani. Wakati wengine wanasubiri pweza na urojo, vijana wanaruka baharini kutoka ukutani, mchezo wanaouita makachu. Wanakimbia, wanajirusha, mmoja kichwa chini, mwingine amekunja miguu kama anasali, maji yanalipuka. Nikaomba ruhusa kwanza. "Piga sista, ila unirushie kwenye WhatsApp!" Nikaweka kasi ya moja ya elfu, lenzi ya ba'mkubwa mbele. D3400 ina alama 11 za kulengea na ya katikati tu ndiyo hodari. Hii ina 51, na 15 kati yake ni hodari. Kwa idadi ya picha kwa sekunde tofauti ni ndogo, tano kwa sita. Tofauti ni kumfuata mtu anayeruka bila kumpoteza. Ile lenzi ya Morogoro, ambayo mwenyewe aliizoea kwa picha za pasipoti na watoto wa ubatizo, ilikuwa inawakamata wale vijana hewani, matone ya maji yanaonekana moja moja. Ina kelele, grr, grr, kama cherehani. Mtalii mmoja aligeuka kuangalia ni nini kinachosaga.

Basi bwana, tukaingia ukumbini siku ya pili yake. Simu zilikusanywa mlangoni kwenye kikapu, dada mmoja mnene amekaa juu ya kiti anakilinda kama askari wa benki. Ndani udi, asumini, taa za rangi zinazopendeza machoni na kutesa kamera. Hapa niseme ukweli ambao wauza bodi hawausemi: gizani bodi yangu mpya haikunipa ajabu kubwa kuliko ya zamani, maana sensa ni za ukubwa mmoja na megapikseli ni zile zile. Kilichoniokoa ni lenzi. Ile 18-55 ukiivuta mpaka mwisho tundu lake kubwa ni f/5.6. Ya ba'mkubwa ni f/1.8, inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Kazi ya bodi ilikuwa kuiwezesha hiyo lenzi ikimbie. Ningekuwa sina lenzi ya f/1.8, fedha ile ningenunulia lenzi kwanza na bodi ingesubiri.

Na kwenye sensa hizi ndogo ya milimita 50 inaona kama ya 75, yaani unakaa mbali kidogo, hauwaingilii kina mama wanapotunzana. Ya 35 nikaiacha kwenye D3400 begani kwa meza na makundi. Ngoma ilipokolea, shangazi mmoja wa makamo, ambaye mchana nilimwona kajifunika mpaka kope, alitoka katikati ya ukumbi akayakata mauno mpaka vigelele vikafunika spika. Nimepata picha yake moja, amecheka, nywele zimefunguka, mikono juu, bibi harusi nyuma yake kaziba mdomo kwa hina. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na hamtaiona.

Kamera niliiweka iandike kila picha kwenye kadi zote mbili kwa pamoja. Saa saba usiku, kabla sijavua viatu, nilimfuata mama mdogo nikafungua kijimlango cha pembeni mbele yake, nikatoa kadi ya pili nikampa mkononi. Ile ya kwanza nikaikalia humo humo nyumbani kwake siku mbili, kwenye kompyuta isiyounganishwa popote, nikasafisha picha na kuzichagua.

Aliigeuza ile kadi, ndogo kama kucha, akaitazama pande zote mbili. "Ndio zote humu?"

"Zote, mama. Picha mia nane na kitu."

Akaifunga kwenye pembe ya kanga yake, fundo mbili, akakaza kwa meno.

"Na ile nyengine," akasema, "utanipa Jumatatu kabla ya boti. Hebu kaa ule kwanza, biriani linapoa."